AMI MTEMBEZI ANAJIBU: Siku nne kwenye mabonde ya Jebel Shams

Swali: Ami, asalaam alaykum. Sie ni vijana watano wa Mwanakwerekwe, mmoja wetu shangazi yake yuko Nizwa, Oman, na katualika Disemba skuli zikifungwa. Tumeona picha za yale makorongo ya Oman, ya mlima wa Jebel Shams, tukasema bas, tutembee kwa miguu siku nne na mashanta yetu mgongoni, tulale kwenye mahema, hoteli hatutaki. Tushaandika orodha ya kununua: mahema, viatu, tochi za kichwani, pawabanki, kamera, jiko dogo la gesi. Tunaomba utwambie tumesahau nini na shanta isizidi kilo ngapi. (Vijana wa Mwanakwerekwe, Unguja)

Jibu: Waalaykum salaam wanangu. Orodha yenu nimeisoma juu chini, chini juu, maji hamna humo. Kamera imo, maji hayamo!

Wengi huanza kama nyie, kwa vile kununua vitu ni raha, lakini kule jangwani safari haipangwi kwa hema wala kwa kilomita, inapangwa kwa maji. Fanyeni hivi: chukueni ramani, tieni alama kila pahala penye maji ya uhakika kwa mwezi huo, kijiji chenye watu, falaji (mfereji wa maji wa kale), birika, kisima, alafu ndo mchore njia ya kupita hapo. Kutoka alama moja mpaka ya pili ndo siku yenu moja ya kutembea. Kama baina yake pana siku mbili bas mnajua mapema kuwa maji ya siku mbili mtayabeba, na kama ni siku tatu hiyo njia iacheni, wapo wanaoiweza ila nyie bado.

Na sasa hesabu. Disemba hakuna joto la kuua lakini mtu anatembea juani na mzigo, hewa kavu, jasho linakauka hata halionekani, kwa hiyo wekeni lita 4 mpaka 5 kwa mtu kwa siku, za kunywa na kupikia tu. Lita moja kilo moja. Siku mbili zisizo na maji ni kilo 8 mpaka 10 mgongoni kabla hujatia hata soksi. Nyote mshabeba dumu la lita 20 kutoka mtaa wa pili siku ya maji kukatika, haya, nusu ya dumu hilo, na hulitui baada ya dakika tano, unapanda nalo jabali. Ndo maana mie kwenye kilo sina namba moja ya watu wote, nasema mzigo mzima pamoja na maji usivuke robo ya uzito wako mwenyewe, mtu wa kilo 64 mwisho wake 16, na hapo keshajitesa. Sasa toeni maji na chakula muone vitu vyenyewe vimebakiziwa kilo ngapi. Hapo ndo mtaanza kugombana nani abebe kamera.

Pia msidanganywe na picha. Yale maji ya kijani ya kuogelea yanayozunguka kwenye simu mara nyingi ni Wadi Shab au Wadi Bani Khalid (wadi ni bonde kwa Kiarabu), hiyo ni mashariki kabisa ya nchi, pande za kuelekea Sur, kule maji yapo mwaka mzima. Jebel Shams ni jambo jengine. Unasimama ukingoni mwa Wadi Ghul, chini yako genge la zaidi ya mita elfu moja, na ulipo wewe ni mawe, mbuzi na vichaka vya miba. Uzuri wake hausemeki, lakini ni pakavu.

Maji ya vijijini mtayapata kwenye falaji, ile mifereji ya kale inayoteremsha maji ya chemchemi au ya chini ya ardhi mpaka mashambani, ambayo mitano kati yake imetiwa kwenye urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 2006, mmoja ni Falaj Daris hapo hapo Nizwa kwa shangazi yenu. Falaji ina adabu zake. Pale maji yanapotokeza mwanzo kabisa ni pa kunywa, hapo watu wanateka tu, chini yake ndo msikitini na pa kuogea, alafu mitende na mashamba. Nyie msifike na vumbi lenu mkatumbukiza miguu pale juu, mtawakasirisha wazee na watakuwa na haki. Tekeni, ombeni ruhusa kama mtu yupo, na mkitoka nje ya kijiji maji yoyote ya kwenye bonde yachujeni au tieni vidonge vya kusafishia, maana mbuzi wa kule hawajui mambo ya usafi. Na mkipita vijijini vaeni kama mnaokwenda kwa wakwe, kaptura zenu ziwekeni ndani ya shanta, na kwenye vidimbwi vilivyo karibu na nyumba msijitose tu, kwengine ni pahala pa wanawake.

Njia. Kwa watu ambao hawajawahi, mie siku nne mfululizo za kupotelea korongoni siwapi, nawapa siku nne zenye vipande. Anzeni na ile njia ya ukingoni inayoanzia kijiji cha Al Khitaym, kimo cha karibu mita 1,900, inapita ubavuni mwa genge mpaka kijiji kilichohamwa cha As Sab, nyumba za mawe zimejibanza chini ya mwamba kama viota. Kwenda na kurudi masaa matatu mpaka manne, panda shuka si nyingi, lakini upande mmoja ni ukuta na upande wa pili hakuna kitu, kwa hiyo mwenye kizunguzungu mumjue mapema. Hapo mtajipima. Mkiona mko sawa, siku ya pili mnaweza kujaribu kilele cha kusini cha Jebel Shams, kama mita 2,997, siku nzima ya kupanda na kushuka kwa hiyo muanze kiza kiza baada tu ya sala ya alfajiri (kilele chenyewe cha juu zaidi ni cha jeshi, msijipeleke). Mzigo mkubwa unabaki kambini na gari. Alafu siku mbili za mwisho ndo za shanta kamili, shukeni kwa gari mpaka kijiji cha Misfat al Abriyeen, mkapande zile njia za punda za zamani za kuelekea kipito cha mlimani cha Sharaf al Alamayn, upande wa pili kijiji cha Bilad Sayt, na hizo siku mbili nataka mchukue mwenyeji wa vijiji hivyo anaejua birika lipi lina maji na lipi limekauka. Ramani ya simu haijui hilo. Njia nyingi zimepigwa rangi mawe, mistari ya manjano, nyeupe na nyekundu, mkitembea dakika kumi hamjaiona rangi rudini mpaka pale mlipoiona mara ya mwisho, msiendelee kwa kubahatisha.

Gari iwe foibaifoi, ile inayovuta kwa magurudumu yote manne. Kule Jebel Akhdar, mlima wa jirani, askari wa kizuizi hawakupitishi bila ya hiyo, na njia ya kuteremka Wadi Bani Awf, upande wa Bilad Sayt, gari ndogo itakufia njiani.

Sasa nataka mnisikilize hapa kuliko kote. Maji hayo hayo mnayoyatafuta ndo yanayoua watu kwenye mabonde. Huku kwetu mvua ya masika unaiona inakuja kutoka baharini, inakunyeshea wewe, unakimbilia barazani. Kule mvua inanyesha jabalini, mbali, nyuma ya milima, na wewe uko chini ya korongo kwenye jua na mbingu ya buluu, huna habari. Ardhi ni mwamba mtupu haunyonyi, maji yote yanateremka kwenye mkondo mmoja mwembamba na mkondo huo ndo uliotandika mkeka. Kule Arizona, Marekani, tarehe 12 Agosti 1997 watalii 11 walikufa kwenye Antelope Canyon kwa namna hiyo hiyo, mvua ilinyesha mbali na pale waliposimama. Na Oman yenyewe Aprili 2024 mafuriko yalichukua roho za watu, wakiwemo wanafunzi waliosombwa na maji wakiwa kwenye gari. Wenyeji hao, wanaozijua wadi zao, sembuse nyie.

Sasa shida ya Disemba ni kuwa ndo msimu mzuri wa kutembea, Oktoba mpaka Aprili hivi, na ndo humo humo zinapita mvua za baridi. Wakati wa joto ndo kabisa msende, chini mabondeni inapita digrii 40 na ngurumo za alasiri zinajenga juu ya milima. Kwa hiyo kila asubuhi angalieni utabiri wa milima ya juu yenu, utabiri wa Nizwa pekee hautoshi. Wakisema mvua, hata kidogo, bondeni hamuingii siku hiyo. Mkiwa tayari mmo, tazameni miti. Kule mabondeni kuna mikunazi, kunazi zile zile mnazozijua, na ukiuangalia mkunazi vizuri utaona majani makavu, vijiti na vipande vya plastiki vimenasa kwenye matawi, wakati mwengine juu ya kichwa chako. Hakuna aliyevitundika, ni maji ya mafuriko yaliyopita, na hapo ndo yalipofika. Hema lenu liwe juu ya alama hiyo, juu sana, hata kama chini kuna mchanga laini na juu kuna mawe ya kuvunja mbavu. Na maji ya kijito yakigeuka rangi ya chai ya maziwa ghafla, au yakaanza kuleta majani, au mkasikia mngurumo kama lori linakuja, acheni vitu mpande juu. Vitu vinanunuliwa.

Na gari ikikuta wadi inapita maji, subirini. Kuvuka ni hatari na kwa sheria yao ni kosa.

Baridi mmeisahau pia. Mtoto wa Unguja anadhani Oman ni moto moto tu, lakini kila ukipanda mita elfu moja joto linapungua kama digrii sita, na usiku wa Disemba juu ya Jebel Shams inakaribia sufuri, saa nyengine inashuka zaidi. Sweta la Darajani la kuvaa kipupwe halitoshi. Jaketi zito, kofia ya sufu, begi la kulalia la kweli lenye namba ya baridi iliyoandikwa, na kitu cha kutandika chini maana baridi inatoka ardhini kuliko juu. Muulizeni shangazi, watu wa Nizwa wana mablanketi mazito, azimeni msinunue.

Chakula nitapita haraka: tende, karanga, kashata, mikate mikavu, wali wa kuiva upesi, chai na sukari, na pakti za ORS kutoka duka la dawa kwa sababu mtu anaetoka jasho siku nzima akinywa maji matupu bila ya chumvi nayo anaumwa. Ng'onda na dagaa muwaache nyumbani, watawanukia nguo zote na sijui mtawafahamisha vipi watu wa uwanja wa ndege. Mitungi ya gesi ya jiko ndegeni hairuhusiwi kabisa, itanunuliwa huko huko. Pawabanki inakaa kwenye begi la mkononi.

Na mazoezi! Nyie mna shida moja kubwa, kisiwa chetu ni sahani. Masingini ndo pa juu kabisa Unguja na haifiki hata mita 150, wakati kilele kile kutoka kambini kina zaidi ya mita elfu moja za kupanda. Dawa ni ngazi za majumba ya Michenzani, jioni, juu chini na shanta yenye madumu ya maji, watu watawacheka wiki ya kwanza alafu watazoea. Kushuka ndo kunakovunja magoti, kwa hiyo madumu msiyamwage mkifika juu, shukeni nayo. Jumapili tembeeni ufukweni kutoka Jambiani kwenda Paje na zaidi, maji yakiwa yametoka, na viatu vile vile mtakavyovaa kule. Anzeni Septemba. Anaeshindwa Michenzani Novemba abaki Nizwa kwa shangazi ale halua, si aibu.

Swali: Ami, mwanangu anasoma Muscat na kila wikendi anaingia mabondeni na wenzake, simu haishiki mpaka arudi. Nakaa roho juu. Kumkataza siwezi, mkubwa sasa. Nifanye nini? (Mama, Wete)

Jibu: Pole dada yangu, roho ya mzazi haina likizo. Usimkataze, mdai karatasi. Kabla hajaondoka amwandikie mtu alie kule kule Oman, wewe uko mbali mno huwezi kumtuma mtu, aandike bonde gani, anaingilia wapi na kutokea wapi, gari ya rangi gani wameiacha wapi, wako wangapi, na saa ya mwisho ya kurudi. Hiyo saa ndo muhimu. Ikipita na hajapiga simu, yule mtu asikae akisema labda wamechelewa kula, apige 9999, ni namba ya dharura ya Oman.

Mwaka 2003 kuna Mmarekani, Aron Ralston, alikwenda peke yake kwenye korongo la Utah na hakumwambia mtu anakokwenda. Jiwe likaanguka likambana mkono, akakaa siku tano pale, mwisho akaukata mkono wake mwenyewe ndo akatoka. Msimulie mwanao hiyo, akimaliza kusikiliza atakuandikia karatasi mbili. Vile vijidude vya kutuma ujumbe kwa setilaiti ni vizuri sana ila nchi nyengine zinataka kibali, aulize kwanza. Na peke yake asende, watatu ndo safari: mmoja akiumia, mmoja anabaki nae, mmoja anakwenda kuita watu.

Swali: Kwenye hizo safari maji ya kunywa yenyewe yanahesabiwa, sala inakuwaje? (Msomaji, Jang'ombe)

Jibu: Suala zuri na nafurahi kijana kaliuliza. Msafiri ana ruhusa zake za kupunguza na kukusanya sala, na maji yakiwa ni ya kunywa tu na mtu anachelea kiu basi kuna kutayamamu, udongo kule hauna upungufu. Masharti yake muulize sheikh wako kabla ya kuondoka, mie ni mtembezi tu. Nnaloweza kukuongezea ni kibla. Huku kwetu tumezoea kuelekea kaskazini, kijana anafika Nizwa miguu inamgeuza kaskazini wenyewe. Makka kule iko magharibi. Dira ndogo haina uzito, tia shantani, na itakufaa kwenye njia pia.

Swali: Ami, sisi hatuna shangazi wala mjomba Oman. Kwa hapa Afrika kuna korongo la kutembea siku kadhaa? (Mwalimu wa skuli, Chake Chake)

Jibu: Lipo mwalimu, na kubwa hasa. Fish River Canyon, kusini mwa Namibia, urefu wake kama kilomita 160 na kina kinafika karibu mita 550. Njia ya miguu ina kilomita kama 85, watu huimaliza kwa siku nne au tano, mnaingilia karibu na Hobas, mnashuka mita 500 na ushei kwa mpigo mmoja, pahala pengine mnashika minyororo iliyofungwa kwenye mwamba, na mnatokea Ai-Ais ambako kuna chemchemi ya maji moto, yaani malipo ya magoti yako yanakusubiri mwisho.

Inafunguliwa tarehe 1 Mei mpaka 15 Septemba tu, miezi mengine ni joto la kuua au mafuriko. Peke yako hawakuachii, kundi lisipungue watu watatu, na wanataka cheti cha daktari kuwa mwili unaweza. Nafasi zinakatwa mapema kwa shirika la Namibia Wildlife Resorts. Ukishaingia ndani hakuna duka, hakuna kibanda, hakuna njia ya gari, maji ni ya mto wenyewe, unayachuja, na mwishoni mwa msimu mto unabaki vidimbwi kwa hiyo mie ningekwambia Mei au Juni. Usiku ni baridi kali. Safari ya kufika inachosha kuliko korongo lenyewe, ndege kupitia Johannesburg mpaka Windhoek alafu barabara siku nzima kuelekea kusini, na kwa vile mnaanzia pahala na kumalizia pengine panga kabisa gari ya kukurudisha. Kadi ya homa ya manjano usiiache. Likizo ya Juni ya skuli inakutosha, wewe tafuta wenzako wawili tu.

Swali: Ndara zinafaa kutembelea jabalini? Mie viatu vinanibana. (Msomaji, Nungwi)

Jibu: Ndara ni za kambini jioni na za kukanyagia vidimbwi. Njiani mawe yana makali kama matumbawe ya kwenu, kidole kimoja kikipasuka siku ya kwanza wenzako watabeba mzigo wako siku tatu na maneno yatakuwepo. Viatu nunua namba moja juu ya yako, kajaribishe jioni miguu ikishavimba na soksi nene ndani, na ukihisi pahala panawasha usisubiri kituo, kaa chini hapo hapo ubandike plasta kabla lengelenge halijatoka.